Behewa la mfano lionekane limebeba watu

Behewa la abiria la treni ya mfano likitoka kwenye boksi huwa safi kupita kiasi. Paa linang'aa, viti na sakafu ni plastiki ya rangi moja, madirisha yote yamefungwa, na ndani hakuna hata mzigo. Watu wengi wakitaka kuliboresha hukimbilia vitu vidogo vya chini ya fremu, mabomba na matangi ambayo treni ikishaanza kutembea hayaonekani. Mimi nasema anza na abiria. Behewa likionekana limebeba watu, jicho litasamehe mengine mengi.

Sisi wa Moshi na Arusha hatuna duka la kuingia na kuchagua. Mabehewa yetu huletwa na ndugu anayetoka Ulaya, au huagizwa mtandaoni, au mara mojamoja huokotwa kwenye mafungu ya midoli ya mitumba pale soko la Memorial, Moshi. Mengi ni ya skeli ya 1:87, yaani madogo mara 87 kuliko ya kweli, na hutembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5, ambayo ni mfano wa geji, yaani upana wa njia, ya SGR. Reli yetu ya kaskazini, iliyofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ni ya mita moja. Kwa skeli hiyo ingetakiwa iwe na milimita 11.5 hivi, ndiyo maana watengenezaji wa treni za geji hiyo, kama Bemo wa Ujerumani, hutumia reli ya milimita 12. Kama mfuko unaruhusu, nenda huko. Wangu hauruhusu, na sijaona mgeni hata mmoja akiinama na rula kupima reli sebuleni kwangu.

Kipimo ninachotumia nilipewa na jirani yangu, mzee mstaafu wa reli. Nilimwamkia, nikampa behewa nililokuwa najivunia. Akaligeuza mkononi, akaniuliza, "Hawa abiria wako, mwanangu, wanapumulia wapi?"

Tuanze hapo basi, kwenye madirisha. Treni yetu haitembei na vioo vyote vimefungwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Upande wa jua pazia limevutwa, kingine kimeshushwa nusu, kingine wazi kabisa na kiwiko cha mtu kimetokeza. Toa kipande cha plastiki angavu kilichowekwa na kiwanda, ukate vipya dirisha kwa dirisha kutoka kwenye boksi la plastiki nyembamba, lile la keki au la shati jipya. Vikate kwa urefu tofauti. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu. Supa glu usiisogeze kabisa kwenye vioo, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Dirisha la choo ndilo pekee linalohitaji ukungu, na hilo lisugue kwa msasa laini upande wa ndani. Mapazia natengeneza kwa karatasi ya tishu iliyolowekwa kwenye gundi ya maji, nikaikunja ikiwa bado mbichi.

Sasa abiria wenyewe. Mtu wa mita 1.70 kwenye skeli hii ana urefu wa milimita 19 na nusu. Kampuni ya Preiser huuza watu wadogo wa plastiki waliokaa, waliopakwa rangi na wasiopakwa. Nunua wasiopakwa: ni nafuu, na waliopakwa utalazimika kuwapaka upya ukitaka wafanane na watu wa Same na Korogwe. Changanya kahawia tatu au nne za ngozi. Kitenge usikichore maua. Weka rangi moja ya msingi na vitone vya nyingine mbili, jicho litamalizia lenyewe. Wengi watagoma kukaa kwa sababu viti vya kiwandani viko juu mno, kwa hiyo wakate miguu magotini bila huruma. Haionekani.

Usiwapange kwa usawa. Daraja la tatu lijae, wengine wasimame, mmoja awe amemgeukia wa nyuma. La pili liwe na nafasi. Halafu mizigo, na hapa ndipo ninapotumia jioni nzima bila kuchoka: magunia ya kitambaa cha bandeji kilichopakwa rangi ya mkonge, ndoo za plastiki, mkungu wa ndizi, na shangazi kaja. Begi la shangazi kaja ni kipande kidogo cha mti chenye mistari ya bluu na nyekundu, lakini kila Mtanzania akichungulia dirishani analitambua kabla hajaona kitu kingine. Viti vipake rangi yoyote isiyong'aa, yatosha.

Taa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Zile taa za utepe za volti 12 wanazofunga kwenye bajaji hukatwa kila baada ya LED tatu, penye alama. Chukua zenye mwanga wa unjano kama behewa lako ni la zamani. Zikiunganishwa moja kwa moja zitawaka kama ukumbi wa harusi, hivyo weka rezista ya kupunguza umeme. Mimi huanza na kilo-omu 1, kisha napanda hadi mwanga ushuke. Umeme unatoka kwenye reli kupitia magurudumu ya chuma, unapita kwenye rektifaya inayouelekeza upande mmoja, na kapasita, inayotunza umeme kidogo, ya maikrofaradi 470 ya volti 25 huzuia kupepesa penye vumbi. Fundi redio yeyote anazo. Ukitumia mfumo wa kidijitali wa kuendeshea treni, tanguliza rezista kabla ya kapasita ili isivute umeme mwingi kwa mkupuo. Kabla ya yote hayo paka kuta kwa ndani rangi nyeusi, kisha krimu juu yake. Bila hivyo mwanga utapenya kwenye plastiki na behewa zima litawaka kama kibatari.

Magurudumu ya plastiki yabadilishe. Pima ekseli ncha hadi ncha kabla ya kuagiza, na mapya yakifika yapake kahawia ya kutu ubavuni tu, pasipogusa reli. Uzito nao una kanuni: chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa skeli hii gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 24 linafika gramu 160 hivi. Mizani ya jikoni inatosha. Bandika nati na washa za chuma chini ya sakafu. Ukitumia risasi za kuvulia samaki, usizifunike kwa gundi nyeupe. Baada ya muda huumuka na kupasua sakafu.

Vishikio vya mlangoni tengeneza kwa waya wa shaba wa milimita 0.3, sawa na bomba la milimita 26 kwenye behewa halisi. Waya wa 0.5 tayari ni mnene mno.

Vumbi ndilo linalonishawishi kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Usichote udongo wa uani. Chembe ya nusu milimita ni jiwe la zaidi ya sentimita nne kwenye skeli hii, na udongo wetu wa mlima wa volkano una chembe zinazonasa kwenye sumaku. Pitisha sumaku uone, kisha fikiria mota ya kichwa chako cha treni. Tumia chaki za kuchorea zilizosagwa kwenye msasa, juu ya vanishi isiyong'aa. Udongo wa uani uwe wa kulinganishia rangi tu. Chini ya fremu weka kahawia ya kutu, maana breki hutupa vumbi la chuma. Paani masizi ya dizeli, mengi kwenye behewa lililo karibu na kichwa. Kuta, piga brashi kutoka juu kwenda chini, kama mvua inavyoteremka, na chini ya madirisha acha michirizi ya chai iliyomwagwa nje. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata, kwa hiyo nenda stesheni ukaangalie mwenyewe. Omba ruhusa kwanza kabla ya kutoa simu.

Pengo kati ya behewa na behewa lipunguze kwa viungio vifupi na karatasi nyeusi iliyokunjwa kama mvukuto, ila jaribu kwanza kwenye kona yako kali kuliko zote. Mabehewa marefu kwenye kona ya nusu kipenyo cha sentimita 36 yatasukumana yadondoke.

Mwisho laza simu kwenye reli, piga picha kwa kimo cha abiria, uikuze. Nywele ya brashi ikionekana paani, itoe kwa kibano kabla ya vanishi ya mwisho. Ikikaukia humo, huitoi tena bila kukwangua.