Mke wangu anarusha miguu usingizini: chanzo ni nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mke wangu ana umri wa miaka 38. Yapata miezi mitano sasa, akishapitiwa na usingizi miguu yake hurukaruka karibu usiku kucha, na mara nyingine hunipiga teke hadi naamka. Asubuhi hakumbuki lolote, ila huamka amechoka. Jioni akiketi hulalamika kwamba kuna kitu kinamtambaa ndani ya miguu, mpaka asimame na kutembeatembea. Hedhi yake ni nzito, na kila usiku humeza piriton kwa ajili ya mafua ya mzio. Dada zangu wanasema ni jini. Je, huu ni ugonjwa gani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vyema kutaja ya jioni pamoja na ya usiku, kwani hayo mawili kwa kawaida huenda pamoja. Mtambao unaoanza mtu anapopumzika, ukazidi usiku na kutulia anapotembea, ni dalili ya ugonjwa wa miguu kukosa utulivu. Tabibu Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672, naye Karl-Axel Ekbom wa Sweden akauchambua kwa kina mwaka 1945. Wengi wenye ugonjwa huo hurusha miguu wakiwa usingizini bila kujijua, na usingizi unaokatikakatika namna hiyo ndio unaomwamsha mkeo akiwa mchovu.

Usiku mmoja keti kando yake na saa, umfunue miguu. Kama ni tatizo hili, utaona kidole gumba kinainuka, kifundo kinakunjika kuelekea juu, pengine na goti likafuata. Kisha mguu unatulia, na baada ya sekunde 20 hadi 40 hivi unarudia vilevile. Mrudio huo wa mpangilio ndio unaoutofautisha na ule mshtuko wa mara moja ambao watu wengi huupata wanapoanza kusinzia, na ambao hauna madhara.

Kwa mkeo, jambo la kwanza ninalolishuku ni upungufu wa madini ya chuma. Ubongo huyahitaji madini hayo ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mijongeo ya mwili, na mwanamke mwenye hedhi nzito huyapoteza kila mwezi. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokwama: hupimwa wingi wa damu, huambiwa damu inatosha, wakarudi nyumbani na miguu yao ileile. Damu yaweza kutosha huku akiba ya chuma imekwisha. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho feritini, na kwa ugonjwa huu tunafikiria kuongeza chuma ikiwa chini ya mikrogramu 75 kwa lita, hata kama karatasi ya maabara inaonyesha kwamba kiwango ni cha kawaida. Asipimwe akiwa na homa, kwa sababu maambukizi hupandisha feritini kwa uongo. Tafadhali usimnunulie vidonge vya chuma kabla ya kipimo, kwani chuma kikizidi hudhuru ini na moyo. Akiandikiwa, avinywe mbali na chai, ambayo huzuia chuma kufyonzwa, na awe na subira ya wiki kadhaa. Hedhi yenyewe nayo ichunguzwe, maana uvimbe wa kizazi au minyoo ya safura ikiachwa, akiba itaisha tena.

La pili ni piriton. Dawa za mzio zinazoleta usingizi huchochea hali hii, kwa hiyo aulize kama anaweza kubadilishiwa loratadini. Amitriptilini, baadhi ya dawa nyingine za sonona, haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) na metoklopramidi (dawa ya kichefuchefu) hufanya vivyo hivyo, lakini dawa za akili zisisimamishwe ghafla bila daktari.

Visababishi vingine ni ujauzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, figo kushindwa kufanya kazi, na mishipa ya fahamu kuharibiwa na kisukari. Anayekoroma kisha pumzi ikakatika naye huweza kurusha miguu, na kwake tiba ni ya pumzi. Mwanamume aliyevuka miaka 50 anayepiga ngumi na kupayuka akiigiza ndoto zake ana tatizo tofauti, ambalo laweza kutangulia kwa miaka mingi ugonjwa wa Parkinson, yaani ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili. Amwone bingwa wa mishipa ya fahamu.

Dada zako wanamtakia mema wifi yao, na dua haina ubaya, ila isicheleweshe kipimo. Mpeleke hospitali na dawa zote anazotumia, ueleze ulichohesabu usiku, na uombe apimwe wingi wa damu, feritini, figo na sukari. Lakini ukiona mwili mzima unakakamaa, anang'ata ulimi au anajikojolea, hiyo yaweza kuwa kifafa: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo.