Asili ya Budha: je, ni nafsi iliyoingia kwa mlango wa uani?

Swali: Nimekuwa nikisoma vitabu vya Zen, shule ya Ubudha iliyoanzia China, na karibu kila kimoja kinasema viumbe vyote vina "asili ya Budha". Nilipomuuliza mtawa wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Sri Lanka na Thailand, aliniambia Budha hakufundisha hivyo. Najua pia Budha alikana kuwapo kwa nafsi ya kudumu. Sasa hiyo asili ni nini, kama si nafsi iliyopewa jina jingine? Na je, Wabudha wote wanaikubali?

Jibu: Mtawa huyo alikuambia kweli. Katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, ambayo Theravada inayashika, fundisho hilo halimo. Ukienda katika hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala, huenda ukajibiwa vivyo hivyo. Kilicho karibu nalo ni kifungu kifupi cha Anguttara Nikaya, mojawapo ya makusanyo ya maandiko hayo, Budha anaposema kwamba akili inang'aa, na kwamba uchafu unaoitia doa ni mgeni tu, si wa humo. Wafafanuzi wa Theravada hawakukiacha kifungu hicho kielee. Walisema kinahusu bhavanga, yaani akili inapokuwa imetulia bila wazo lolote, na mjadala ukaishia hapo.

Kwa wenzao wa Mahayana, tawi jingine kubwa la Ubudha, huko India, mjadala ndio kwanza ulianza. Mnamo karne ya 3 hivi ilitokea sutra (andiko la mafundisho ya Budha) fupi iitwayo Tathagatagarbha, jina linalotumika pia kwa asili hiyo yenyewe, inayosema ndani ya kila kiumbe amejificha Budha, amefunikwa na tamaa, chuki na ujinga. Inatoa mifano tisa, na ningekushauri uitazame kwa makini, maana ugomvi wote uliofuata umo humo. Asali imezingirwa na nyuki. Dhahabu ya msafiri imeanguka jalalani. Maskini analala njaa na chini ya nyumba yake imezikwa hazina. Katika mifano hii kitu ni kamili tangu mwanzo, na kazi ni kuondoa kinachokifunika. Lakini katika sutra hiyohiyo kuna kokwa ndani ya tunda, itakayoota iwe mti, na kuna mwanamke fukara aliyebeba mimba ya mfalme mtarajiwa bila kujua. Hapa hakuna kilichokamilika bado. Mimba hulelewa, na kokwa isipopata maji haioti.

Kwa hiyo, je, tayari wewe ni Budha usiyejijua, au una uwezo tu wa kuwa Budha? Ratnagotravibhaga, kitabu kilichojaribu kulipanga fundisho hili, kinakubali yote mawili: kuna asili iliyopo tangu awali kama hazina, na nyingine inayokuzwa kama mti. Jibu la busara, ila halikumaliza ubishi.

Hofu yako kuhusu nafsi si ya kigeni hata kidogo. Sutra ya Mahayana ya Mahaparinirvana inathubutu kuiita asili hiyo "nafsi" waziwazi. Katika sutra nyingine, Lankavatara, mwanafunzi Mahamati anamuuliza Budha swali lako karibu neno kwa neno: hii tathagatagarbha inatofautianaje na nafsi wanayoihubiri walimu wa dini nyingine? Budha anajibu kwamba si nafsi. Ni njia ya kuwafundisha wale wanaoogopa wakisikia kwamba nafsi haipo. Kinachokusudiwa ni utupu uleule, yaani kwamba hakuna kitu chenye kiini cha kudumu, umesemwa kwa lugha isiyowatisha. Kwangu mimi jibu hilo linatosha kumtuliza mwanafunzi, lakini halimfungi mdomo mpinzani. Ukishakubali kwamba maneno ni chambo, utaambiwa pia uonyeshe mahali chambo kinapoishia.

Kuhusu kukubaliwa na wote, China ilitoa kesi nzuri. Mwaka 418 mtawa Faxian alitoa tafsiri ya Mahaparinirvana iliyowatoa nje ichantika, watu waliokata kabisa mizizi ya wema. Daosheng, mtawa wa Jiankang (Nanjing ya leo), aliisoma akasema haiwezekani: nao ni viumbe, basi nao wanayo. Wenzake walimfukuza kwa kupinga andiko. Miaka michache baadaye tafsiri ndefu zaidi, iliyofanywa na Dharmaksema huko kaskazini, ilifika mji mkuu, na ndani yake ikakutwa kauli ileile aliyofukuziwa. Hata hivyo, karne ya 7 wafuasi wa Xuanzang, mtawa na mfasiri wa China, walirudisha mlango uleule: walifundisha aina tano za viumbe, na mojawapo haitazinduka kamwe. Kwa hiyo hata Mahayana yenyewe haikuwa na kauli moja.

Zen nayo isikupoteze. Kisa cha mbwa wa Zhaozhou, mwalimu wa Zen wa China, hunukuliwa nusu: mtawa anauliza kama mbwa ana asili ya Budha, na Zhaozhou anajibu "Hana." Katika mkusanyo mwingine wa visa vya Zen, mtawa mmoja anajibiwa "Anayo" na mwingine "Hana", swali ni lilelile. Anayekusimulia jibu moja tu kana kwamba ni itikadi ya Zen hajafika mwisho wa ukurasa. Dogen, mwalimu wa Zen huko Japani, mwaka 1241 alikwenda mbali zaidi: asili ya Budha si kitu ulichonacho mfukoni, vitu vyote vilivyopo ndivyo asili hiyo, na kutodumu kwenyewe ndiyo asili ya Budha. Nafsi ya kudumu haina pa kukaa hapo.

Tibet ndiko walikoshikana kweli. Dolpopa (1292–1361), wa shule ya Jonang, alisema asili hiyo ipo kweli, imejaa sifa zote za Budha, na ni tupu tu kwa maana ya kutokuwa na uchafu usio wake. Wafuasi wa mtawa Tsongkhapa, yaani Gelug, shule ya akina Dalai Lama, waliona hiyo ni nafsi ya Wahindu iliyovishwa joho la mtawa. Kwao asili ya Budha ni utupu wa akili yenyewe: kwa kuwa akili haina umbo la kudumu, inaweza kubadilika hadi iwe ya Budha. Katika karne ya 17, chini ya Dalai Lama wa 5, monasteri kuu ya Jonang ilikabidhiwa Gelug. Siasa za kugombea utawala zilikuwamo, usidhani ni falsafa peke yake. Jonang ilinusurika mashariki, Dzamthang, na ipo mpaka leo.

Mwenzako wa karibu zaidi katika shaka hii ni wa juzi tu. Miaka ya 1980 maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Komazawa, Hakamaya Noriaki na Matsumoto Shirō, waliandika kwamba fundisho hili si Ubudha kabisa, kwa sababu linaweka msingi mmoja wa kudumu chini ya vitu vyote. Komazawa, huko Tokyo, ni chuo cha Sōtō, shule ya Zen ya Dogen mwenyewe, kwa hiyo moto uliwashwa ndani ya nyumba. Hakamaya aliongeza hoja ya kijamii: ukisema kila mtu amekwisha kuzinduka jinsi alivyo, ni rahisi kumwambia anayebaguliwa abaki alipo. Mimi siendi nao hadi mwisho, maana wanazisoma sutra zote kana kwamba zinasema habari ya dhahabu tu na kuisahau kokwa. Ila hoja ya ubaguzi sijaona ikijibiwa vizuri.