Kikosi cha siri hakiuzi nafasi

Mwanangu wa Likoni, umeuliza kama umlipe shilingi 80,000 mtu anayedai kwamba atakuingiza moja kwa moja katika kikosi cha siri cha kupambana na magaidi, na kama umfiche mama yako. Usimpe hata ndururu. Kikosi cha Recce, kilichokomesha shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ni sehemu ya GSU (General Service Unit), nayo GSU ni tawi la polisi wa Kenya. Kwa hiyo anayekitamani huanza kwa kuajiriwa polisi, akafunzwa na kutumikia, ndipo achujwe upya kwa majaribio makali zaidi. Jeshini pia makomando huteuliwa miongoni mwa askari waliokwisha kuhitimu, na usajili wa makurutu hutangazwa hadharani, bila malipo. (Tena, jasusi gani huyo anayejitangaza kwenye baraza ya kahawa?)

Kwa kuwa umekulia majini, fikiria Jeshi la Wanamaji, ambalo kambi yake iko hapo Mtongwe, karibu nawe. Ama kumficha mama yako, sikubaliani nalo: operesheni ndizo zenye siri, si ajira yenyewe, na kurutu huripoti akiwa na barua ya wito ambayo mzazi anaweza kuisoma.