Fuata miguu ya mteja kabla ya kupanga rafu

Nilipofungua duka la kujihudumia Mwanjelwa, jijini Mbeya, nilipanga bidhaa kama mtu apangavyo stoo: kila penye nafasi nikajaza. Miezi ikapita, mafuta ya kujipaka hayatoki. Nikapunguza bei, bado hayakutoka.

Ndipo nikaamua kukaa kwenye kigoda kando ya kaunta siku tatu mfululizo, nikiwa na karatasi yenye ramani ya duka, nikifuata kwa kalamu njia ya kila aliyeingia. Siku ya pili mama mmoja, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, aliinama kuchagua kopo la mafuta hayo kwenye rafu ya chini. Aliyepita nyuma yake akamgusa mtoto, mama akainuka kupisha, akainama tena, akaguswa tena, mwisho akalirudisha kopo na kwenda kulipia sukari peke yake. Nilipima jioni upana wa njia ile kati ya rafu: sentimita 65.

Paco Underhill, mtafiti wa Marekani aliyejulikana kwa kuwatazama wanunuzi, aliliona jambo hilohilo katika duka la Bloomingdale's jijini New York, ambako tai zilizotundikwa karibu na mlango hazikununuliwa vizuri kwa kuwa waliozitazama walikuwa wakigongwa na wapitao. Ziliposogezwa pembeni, mauzo yakapanda. Nami niliondoa rafu moja nzima, ingawa iliniuma kupoteza nafasi niliyoilipia kodi, na mafuta yakaanza kutoka kwa bei ile ya mwanzo.

Mlangoni nako usiweke la muhimu. Mvua ikinyesha, mteja huingia akikunja mwavuli na kukung'uta matope, macho yakiwa chini. Bei ya mchele wa Kyela niliyobandika pale hakuna aliyeisoma, hadi nilipoihamishia hatua tano ndani.

Wengi hushauri sukari na sembe viwekwe mwisho kabisa wa duka ili mteja apite kwenye kila kitu. Kwa duka dogo sikubaliani nao. Mtu anayewahi daladala ya Uyole ukimzungusha leo na kesho, keshokutwa ataingia kwa jirani. Kwa hiyo sukari yangu iko katikati, mahali inapoonekana tangu kaunta, na kando yake nimeweka majani ya chai ya Tukuyu, ambayo wengi huyachukua bila hata kusimama.