Jibu: Binti akishika mkuki, lazima awe dume?

Mkuu, umeuliza kama binti wa riwaya yako ya Ugogo wa kale aache kupika na kubembeleza mtoto ndipo wasomaji waamini kuwa anapigana. Hapana. Tatizo lipo kwenye pambano lenyewe: umemkutanisha kifua kwa kifua na jitu la kilo 100, akashinda kwa kusukuma. Nani ataamini? Mpe mkuki mrefu, apigane kwa umbali. Achome paja, arudi nyuma hatua mbili, amwache adui avuje damu. Aheme, mkono utetemeke. Na kama ananyonyesha, maziwa yamjae hadi kifua kimuume katikati ya vita; shujaa wa kiume hana hilo.

Dirii, yaani vazi la chuma la kukinga kifua, yenye umbo la matiti ifute kabisa. Lile bonde la katikati huelekeza ncha kwenye kidari.

Halafu malighafi unayo hapo hapo Dodoma. Wagogo walikuwa na tambiko la kuondoa mkosi, hasa wa mifugo: wanawake huvaa kiume, hushika silaha, huchunga ng'ombe. Mkosi ukiisha, kila kitu hurudi kwa wenyewe. Riwaya yako ianzie hapo: mkosi umegoma kuisha, naye binti hataki kurudisha mkuki.