Msimamo wangu ulipimwa kwa kibaba

Swali la wiki hii katika jarida lenu lilikuwa hili: mwanamume Mkristo mwenye msimamo anatambulikaje katika siku ambazo hayumo kanisani? Nadhani wengi watajibu kwa kutaja sala, mfungo, kulisoma Neno na kujiepusha na pombe, nami sina ubishi nao. Jibu langu nataka nilitoe mahali ninaposhinda tangu alfajiri hadi jua kuchwa, yaani nyuma ya magunia ya nafaka katika soko la Kongowea, hapa Mombasa, kwa sababu ndipo nilipoulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza, tena na mtu ambaye hakuwa Mkristo, nikakosa la kujibu.

Msomaji asiyeijua biashara yetu yafaa kwanza aijue gorogoro. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo 2, uliomaliza kazi yake ya kwanza ukageuzwa kuwa kipimo. Wateja huupenda kuliko mizani kwa sababu mtu hujionea kwa macho yake ukijazwa mpaka nafaka inafanya kichuguu juu. Asichokiona ni kitako. Mkebe ukifudikizwa, kitako kikagongwa nyundo taratibu huku ukizungushwa, hubonyea kikaingia ndani, na tangu siku hiyo kila gorogoro inayopimwa huacha kiganja kimoja cha maharagwe dukani. Kiganja kimoja hakimsumbui mtu, lakini anayepima gorogoro mia kwa siku atakuta baada ya siku tisa au kumi amepata gunia zima la kilo 90 ambalo hakulinunua. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ipo, na maafisa hukagua mizani na kuipiga muhuri, ila mkebe wa mafuta hauna muhuri, na mbonyeo wake unaweza kusingiziwa kuanguka.

Ufundi huo nilifundishwa na tajiri wangu wa kwanza nilipokuwa kijana wa duka, naye alikuwa mtu wa kanisa kama mimi. Sisemi hivyo ili nimtwike lawama, kwa maana nilipofungua kibanda changu mwenyewe hakuna aliyenilazimisha kuuchukua mkebe ule, na niliuchukua. Kufikia wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, nikiongoza kikundi cha akina baba kila Jumamosi jioni, na jioni moja niliwafundisha Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nilifundisha kwa ufasaha, dhamiri yangu ikiwa imetulia tuli, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa kwenye mizani, na mizani yangu ilikuwa sawasawa. Mpaka leo jambo hilo hunitisha kuliko wizi wenyewe: aya ilipita karibu na mkebe kiasi kile nami nisiuone.

Aliyeuona ni mama mmoja mtu mzima, Mwislamu, ambaye huuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi mlangoni kwake, huku Kisauni. Alikuja saa nne hivi, wateja wamepungua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya gunia, kisha akatoa kwenye kikapu chake kibaba cha mti kilichokuwa cheusi kwa ukongwe.

"Mwanangu, sikuja kugombana," alisema. "Sufuria yangu naijua. Mbaazi gorogoro mbili nikiziroweka usiku, asubuhi hunifika kwenye msumari wa mkono. Zako zimesimama chini ya msumari vidole viwili, na hii ni mara ya tatu."

Nikamwambia huenda mbaazi za msimu ule hazivimbi sana. Hakunijibu. Aliniomba nimjazie gorogoro moja, akaimimina kwenye ungo, akaanza kuipima kwa kibaba chake taratibu, akikipangusa juu kwa kidole kila kikijaa. Kilijaa mara mbili, na mara ya tatu kikapungukiwa kiganja kimoja. "Gorogoro ya kwa jirani yako inajaza tatu," akasema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayetaka kunisitiri hata katika soko tupu, "nami huwasikia Jumapili mkiimba, na sauti yako naitambua."

Wapo watakaosema hapo ndipo msimamo wangu ulipoanza. Ukweli ni kwamba nilikasirika, nikamtilia mbaazi za kufidia bila neno, na mkebe nikaendelea kuutumia siku mbili nzima. Siku ya tatu, baada ya kufunga, nilichukua mchi nikakigonga kitako kwa ndani mpaka kikatoka. Bati likishakunjwa halirudi vizuri. Ilinibidi nitafute mkebe mpya.

Nilichokuwa sijakihesabu ni kwamba ile bei yangu nafuu, iliyowavuta watu kutoka vibanda vingine, ilikuwa ikisimama juu ya kile kitako. Kipimo kilipokamilika sikuweza tena kuuza kwa bei ileile, na nilipopandisha shilingi chache wateja walihama, mmoja alfajiri hii na wawili alfajiri nyingine, hata ada ya muhula uliofuata nikaikopa. Mama watoto aliponiuliza biashara ina nini nilimweleza yote, kuanzia nyundo hadi kibaba. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nyumbani nako kuna mkebe mwingine asioujua. Swali hilo lilinichoma kuliko la yule mama, maana kwenye vikundi vyetu vya akina baba hupenda sana kukumbushana kwamba mume ni kichwa cha mke, tukaishia hapo kana kwamba Waefeso 5 inakwisha kwenye aya ya 23. Aya ya 25 inamtaka mume ajitoe, na mwanamume mwenye siri za fedha amejifungia, hajajitoa.

Kwa hiyo naposema msimamo namaanisha jambo lililo finyu kuliko wengi wanavyolipanua. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na miongoni mwa majibu yake limo hili: "Ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Neno la kushika hapo ni hasara. Kuwa mkweli wakati ukweli unaleta faida ni biashara nzuri tu, na hata mtu asiyemcha Mungu huifanya. Imani ya mwanamume huonekana pale neno lake linapoanza kumgharimu, naye yuko peke yake.

Kila asubuhi hupita Kengeleni, ilipo ile kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Nikiiona humkumbuka William Jones, ambaye vijana wetu wa kanisa hawamjui, na ni makosa yetu sisi tunaowafundisha. Alikuwa Mwafrika aliyeonja utumwa, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi kufanya kazi katika misheni ya hapa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler, na mwaka huohuo askofu na Jones wakaondoka Rabai, karibu na Mombasa, kuelekea Uganda na msafara wa wapagazi wapatao 200. Walipofika Kwa Sundu, Mumias ya leo, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na wachache. Mwezi wa Oktoba aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na karibu wote aliokwenda nao wakauawa.

Hapo ndipo ninapomsoma Jones kwa makini. Alikuwa shemasi wa miezi michache, mkubwa wake amekufa, yuko mbali na pwani, mbele yake kundi la wapagazi wenye njaa na hofu ambao wake zao wanawasubiri. Alingoja mpaka ilipokuwa wazi kwamba hakuna wa kungojwa, kisha akawarudisha watu wale, akaingia Rabai mwezi wa Februari 1886 chini ya bendera iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Sifa za ushujaa katika habari hiyo kwa kawaida humwendea askofu, nami simnyimi zake. Lakini mwanamume ninayetamani kufanana naye ni yule wa pili, aliyebaki na mizigo na majina ya watu, akaitimiza kazi isiyokuwa na shangwe.

Huku Mombasa kuna jambo moja zaidi ambalo ndugu zetu wa bara hulielewa vibaya. Hudhani kwamba Mkristo wa msimamo anayeishi kati ya Waislamu hana budi kuwa mtu wa mabishano. Jirani yangu wa kibanda, yuleyule ambaye gorogoro yake ilinisuta, huniachia duka lake na sanduku la fedha kila Ijumaa adhuhuri anapokwenda msikitini, nami humwachia langu Jumapili asubuhi. Hatujawahi kujadili Utatu. Ningependa kudhani ananiamini kwa sababu ya imani yangu, ila najua kwamba ananiamini kwa sababu hesabu yake haijawahi kupungua.

Bado sijapata jibu la jambo moja, na wasomaji wenye hekima kunishinda wanisaidie. Nilipomweleza mchungaji wangu, aliomba pamoja nami na kunihakikishia msamaha, nami naupokea. Lakini Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia watu mara nne, naye nadhani aliwajua aliowadhulumu. Mimi niliuza kwa mkebe ule miaka sita kwa watu ambao wengi wao sijui hata sura zao. Wengine walihama, na wengine bila shaka wamekwisha kuzikwa. Nimejizoesha kumtilia kila mteja kiganja cha nyongeza juu ya kipimo, na wapo wanaonisifu kwa ukarimu, nami huona haya kwa sababu si ukarimu.

Yule mama sasa hawezi kuja sokoni, magoti yamemchosha, lakini mbaazi bado hununua kwangu. Huja mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi, akaniamkia vizuri na kunipa salamu za bibi yake. Nikishampimia gorogoro mbili, hukitoa kibaba kilekile cheusi kikapuni, akapima upya mbele yangu kibaba baada ya kibaba, akikipangusa juu kwa kidole kama bibi yake. Ni mwaka wa kumi na moja huu, na kibaba bado kinakuja.