Baraza la Ujiji Ndani ya Second Life

Juma lililopita binti mmoja wa Kasulu aliniandikia kwamba amejiunga na Second Life, ule ulimwengu wa kompyuta ambamo watu hukodi viwanja na kujenga, avatari wake, yaani mwanasesere anayemwakilisha humo, anapendeza kuliko yeye mwenyewe, lakini sebule yake imekuwa kama duka la samani, na akaniomba, "Dada, nifanyeje?" Nilicheka, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi nilipoanza, tena mbele za watu.

Wakati huo nilikuwa nimekodi kiwanja cha mita za mraba 1,024, na sikujua kwamba kila kitu kinachowekwa pale kina uzito unaohesabiwa, wala kwamba kiwanja changu kilikuwa na kikomo cha 351. Nilinunua kitanda chenye nguzo nne, makochi mawili na jiko la kizungu, nikajaza hesabu yote kabla sijaweka hata kikombe. Makochi yale yalikuwa mekundu na kitanda cha kijani, na muuzaji hakuwa ameruhusu mnunuzi abadilishe rangi. Ruhusa hiyo huandikwa kwenye tangazo la bidhaa. Mimi nilitazama picha tu.

Niliviondoa vyote, nikajenga baraza la bibi yangu wa Ujiji. Mkeka wake niliupiga picha saa kumi jioni, nikahangaika usiku mzima kuoanisha kingo za picha ili ukili usionekane umekatika, kisha nikaipakia Second Life kwa dola 10 za Linden, fedha ya humo, ambazo hazifiki hata senti kumi za Marekani. Juu ya mkeka niliweka ungo wenye mchele uliochambuliwa nusu, na pembeni ndala mbili, moja imepinduka. Wageni walisimama zaidi mbele ya ile ndala iliyopinduka kuliko walivyowahi kusimama mbele ya kitanda changu cha fahari, na nasema bila haya kwamba sijaona baraza linalolishinda lile.

Mavazi ya avatari nayo yana mitego yake. Gauni lililoshonwa kwa mwili wa aina moja halikai kwenye mwili wa aina nyingine, kwa hiyo chukua kwanza sampuli ya majaribio, uivae, kisha umketishe avatari mkekani, kwa maana gauni linalopendeza akiwa amesimama huweza kutobolewa na mapaja mara anapokunja miguu.

Picha za baraza lile ndizo zilizonifanya nichaguliwe na mwenye duka moja la mavazi humo humo, ambaye alinipa magauni bure kwa sharti la kumpelekea picha ndani ya siku saba. Umeme ulikatika mtaani kwetu, nikachelewa siku mbili, naye akaniondoa katika kundi la wapiga picha wake bila hata kuniuliza kulikoni. Mwezi uliofuata niliiona picha yangu, yenye ungo na ndala zile zile, kwenye ubao wa duka lake, jina langu halipo. Nilimwandikia mara tatu na hakujibu, na sitadanganya kwamba yamekwisha moyoni.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, msipokee gauni la bure kabla ya kuuliza picha itatumika wapi na kwa jina la nani. Wekeni jina lenu ndani ya picha yenyewe, si pembeni ambako mtu anaweza kulikata. Tena someni ruhusa, hesabuni uzito, jaribuni kabla ya kununua. Nimeyasema na nitayarudia, maana wengi wetu tunaharakia uzuri kama watu wanaokimbilia boti Kibirizi.

Binti wa Kasulu amenitumia picha jana. Ameondoa makochi mawili, akabakiza kigoda, taa ya chemli na khanga iliyotupwa juu ya kigoda, na chumba kimeanza kuwa na mwenyewe. Jua tu ndilo amelisahau, bado limesimama utosini na kila kitu kimekosa kivuli. Nimemwambia alishushe upande wa magharibi, mpaka lifike pale tunapoliona sisi likizama ziwani kuelekea Kongo, halafu anitumie tena.